Nanyoa kidevu kabla ya adhana, na mchumba wangu anarudi

Dada Mshauri,

Assalaam alaykum. Nina miaka 27, naishi Tanga, ni fundi cherehani. Jina langu naomba ulifiche.

Nina ndevu. Sisemi malaika, hao kila mwanamke anao. Nasema ndevu: nyeusi, nene, za kujikunja, zimejaa kidevuni na chini ya taya mpaka karibu na koo. Zilianza nikiwa kidato cha tatu, nywele nne tano hivi, nikawa nazing'oa kwa kibanio cha dada. Sasa nanyoa kila alfajiri kabla watu wa nyumbani hawajaamka. Taa ya bafuni ni hafifu, kwa hiyo naegemeza simu kwenye kopo la sabuni niwashe tochi, mkono mmoja navuta ngozi, wa pili nanyoa. Nanyoa kwa kupandisha juu maana ndivyo zinavyokwisha, na nikipapasa nikaona bado, narudia mpaka pawe laini. Ikifika alasiri nikipitisha kidole zinanichoma tena. Nikimpima mteja shingo nimejizoeza kusimama nyuma yake.

Kidevu chenyewe kimeharibika. Kina vipele vigumu, vingine vina usaha, vikipona vinaacha mabaka meusi. Ni kwa ajili ya mabaka hayo dada mmoja wa saluni alinipa krimu kwenye kijikopo cheupe kisicho na jina. Wiki mbili za mwanzo uso ulitakata, vipele vikalala, nikamshukuru sana. Huu ni mwezi wa saba naipaka. Nikikosa siku mbili uso unawaka moto. Na sasa nimeanza kuota nywele laini mashavuni na pembeni mwa paji la uso, mahali ambapo wembe haujawahi kufika. Mama anasema ndiyo hayo, ukinyoa zinasambaa.

Nina pia mstari wa nywele kutoka kitovuni kushuka, na chache kwenye matiti. Hedhi yangu haina mpango. Mwaka jana niliiona mara tano. Sikuwahi kuhangaika nayo. Ramadhani nilikuwa hata nafurahi kwamba sina siku nyingi za kulipa.

Mchumba wangu yuko Maskati mwaka wa pili sasa. Mahari imetoka, anarudi, na nikahi ni baada ya miezi mitatu. Simu za video napokea usiku tu, taa ikiwa nyuma yangu. Yeye anasema akijaaliwa anataka mtoto kabla hajarudi kwenye mkataba mwingine.

Kila mtu ana lake. Mama anasema ninyamaze, siri ya mtungi aijuaye kata. Somo wangu anasema nisiwe na wasiwasi, wiki ya singo atanitoa zote kwa halawa, uso na mwili. Mama mkubwa anasema kuziondoa ni kubadilisha maumbile ya Mungu. Rafiki yangu anasema niende Dar nikapigwe leza. Na mtandaoni nimesoma kwamba mwanamke mwenye ndevu huwa ni tasa.

Nimwambie au ninyamaze? Kama kweli ni tasa, si nitakuwa nimemlaghai mtoto wa watu? Na kuna dawa gani nikinywa zitakwisha kabla ya harusi?

Wa Alfajiri, Tanga

*

Waalaykum salaam, mdogo wangu.

Umeuliza kwanza kuhusu mchumba. Nitamfikia, ila kabla ya hapo kuna mambo umeyapitia haraka kwenye barua yako ambayo ndiyo yanayobeba mengine. Ukilisoma tatizo lako taratibu utakuta ni matatu yaliyosokotana: ndevu za kidevuni, majeraha unayoyapata ukizitoa, na hizi nywele mpya za mashavuni. Mama ameyapa yote matatu mzazi mmoja, wembe. Naomba tumchunguze kidogo huyu anayesingiziwa.

Unywele unaouona nje ya ngozi hauna uhai. Kinachouotesha ni kitundu kilicho chini ya ngozi, na wembe haukifikii. Mtafiti wa Kimarekani, Mildred Trotter, alilichunguza jambo hili mwaka 1928, akakuta kunyoa hakuongezi unene wa nywele wala kasi yake. Kinachotudanganya ni ncha. Unywele ambao haujakatwa una ncha nyembamba, laini. Uliokatwa una ncha butu, ndiyo maana alasiri kidole chako kinahisi sindano. Ndevu zako zimeongezeka tangu kidato cha tatu kwa sababu kilichozianzisha hakijaacha kufanya kazi, na wembe ulikuwepo tu safarini.

Vipele lakini ni kazi ya wembe, na zaidi ya namna unavyoutumia. Umeandika unavuta ngozi, unapandisha juu, unarudia. Ukivuta ngozi unywele unachomoza, unaukata, ukiiachia ngozi ule mkia uliobaki unarudi ndani. Nywele zetu zimejipinda tangu kitunduni, kwa hiyo mkia huo hautoki moja kwa moja. Unachoma ukuta wa kitundu ukiwa humo humo ndani. Mwingine unatoka, unajikunja, unaingia tena kwenye ngozi pembeni. Mwili unauona kama mwiba, unaujengea kipele, na kipele kikipona kwenye ngozi nyeusi kinaacha baka. Wanaume wanaonyoa ndevu karibu sana wanaujua ugonjwa huu vizuri. Kadiri unavyotafuta ulaini ndivyo unavyojitengenezea vipele.

Kwa wiki nne hivi kiache kidevu kipumzike wembe. Tafuta mashine ndogo ya kunyolea ya betri, ile inayoacha nywele urefu wa kama milimita moja, uipitishe juu juu bila kukandamiza. Ndiyo, zitaonekana kwa mtu wa karibu sana, lakini ngozi itafunga. Unywele uliojikunja kama pete juu ya ngozi unaweza kuuinua kwa ncha ya sindano iliyofutwa kwa spiriti. Uinue tu, usiung'oe, na usichimbue ambao hujauona.

Ukirudi kwenye wembe, chukua ule wa makali mamoja, wako peke yako, uubadilishe baada ya kunyoa mara tatu au nne. Weka taulo laini lililochovywa maji ya uvuguvugu kidevuni dakika tano. Paka jeli au povu la kunyolea, sabuni ya kufulia hapana. Kabla ya yote papasa ujue nywele zimelalia wapi: kidevuni nyingi zinashuka, chini ya taya mara nyingi zinakwenda pembeni au hata kupanda, kwa hiyo mwelekeo wa wembe unabadilika hapo. Fuata zinakoelekea, usivute ngozi, mahali pamoja mpitisho mmoja. Maliza kwa maji baridi na mafuta yasiyo na manukato. Fanya hivyo kila baada ya siku mbili, na kama unaweza iwe jioni, ngozi ilale. Na ule mtandio wenye pini chini ya kidevu uutazame pia. Kitambaa cha nailoni kikisugua ngozi iliyotoka kunyolewa, kwenye joto la Tanga, ukae umeinamia cherehani siku nzima, vipele vitarudi hata kama umenyoa vizuri. Wewe ni fundi, pamba laini unaijua.

Sasa kile kijikopo cheupe, ambacho kwa kweli kimenishtua kuliko ndevu. Krimu inayotakatisha uso kwa wiki mbili, inayolaza vipele, na ukiikosa siku mbili uso unawaka, kwa kawaida ina steroidi kali ndani yake, dawa ya kutuliza uvimbe na mwasho wa ngozi. Nyingi za vikopo visivyo na jina hukorogwa na steroidi, haidrokwinoni au zebaki, vitu ambavyo haviruhusiwi kwenye vipodozi nchini. Steroidi ikipakwa usoni kwa miezi hukondesha ngozi, huleta chunusi, na huotesha nywele laini, hasa mashavuni na kwenye paji. Zile nywele ambazo wembe haujawahi kuzigusa, basi, inawezekana kabisa zimeletwa na dawa ya madoa. Habari njema ni kwamba nywele za aina hii hupungua zenyewe baada ya kuacha, ingawa huchukua miezi.

Kuacha nako kuna utaratibu. Baada ya miezi saba, ukikata ghafla uso unaweza kuvimba, kuwasha na kutoa vipele kwa wiki kadhaa, na hapo ndipo wengi huikimbilia tena krimu. Ndiyo maana nakuomba umwone daktari wa ngozi wiki hizi na si wiki ya harusi. Mpelekee kijikopo chenyewe. Kama unaipaka na mwili mzima mwambie, maana steroidi nyingi mwilini huzilaza tezi zilizo juu ya figo, na hapo kuacha ghafla ni hatari. Moshi, katika hospitali ya KCMC, kipo kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichoanza mwaka 1992, na kutoka Tanga umbali wake haupishani sana na wa Dar. Bombo, hospitali ya mkoa hapo hapo Tanga, nao wanaweza kukuandikia rufaa. Siku nyingine ukipewa krimu yenye karatasi yake, soma viambato: neno lolote linaloanza na clobeta au betameth ni steroidi.

Hapo hapo nimjibu somo wako, kwa heshima yake. Miguu na mikono afanye atakavyo. Usoni, kwenye ngozi iliyokondeshwa na krimu, halawa inaweza kuondoka na ngozi ya juu pamoja na nywele, ukaingia ukumbini na vidonda. Uzi na kibanio pia vinang'oa, na unywele uliong'olewa ukiota upya ndani ya kitundu kilichopinda ndio unaozama zaidi. Ndimu juu ya mabaka iache kabisa. Ikipigwa na jua inaunguza na kuacha weusi mpya. Krimu za kuyeyusha nywele zinayeyusha na ngozi kidogo, kwa hiyo zisubiri mpaka daktari aseme uso umepona, na hata hapo iwe ile iliyoandikwa ya uso, ijaribiwe kwanza mkononi, usubiri saa 24.

Tuje kwenye hedhi, ambayo umeiandika kama jambo la pembeni. Mara tano kwa mwaka ni chache. Madaktari huanza kuuliza maswali ikipungua nane. Ukiunganisha hilo na ndevu, mstari wa kitovuni na nywele za matiti, picha inayojitokeza mara nyingi zaidi ni ya hali inayoitwa hospitalini kwa herufi PCOS: ovari zinatengeneza homoni za kiume kupita kiasi, mayai hayakomai kwa mpangilio, hedhi inaruka. Si ajabu wala laana. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba takriban mwanamke mmoja katika kila kumi wa umri wa kuzaa anayo, na wengi hawajui. Nimesema picha inayojitokeza, sijasema ndiyo. Kuna matatizo ya tezi ya thairoidi, ya homoni ya maziwa, na ya tezi za juu ya figo yanayofanana nayo, na hayo hutenganishwa kwa vipimo tu.

Tarajia wakupime uzito na presha, mkojo kuhakikisha huna mimba, na damu: testosteroni (homoni ya kiume), thairoidi, prolaktini (ile homoni ya maziwa), sukari, na kingine kiitwacho 17-haidroksiprojesteroni ambacho huchukuliwa asubuhi, siku za mwanzo za hedhi. Utrasaundi wanaweza kukufanyia, ingawa kwa mwenye hedhi ya kuruka na nywele za kiume utambuzi unaweza kukamilika bila hiyo. Usishangae daktari akikuhesabu nywele: kuna jedwali la tangu mwaka 1961 linalogawa mwili katika sehemu, siku hizi tisa, kila moja inapewa alama 0 hadi 4, na jumla ya 8 kwenda juu huhesabiwa kuwa imezidi.

Dalili moja tu ingenifanya nikuambie nenda kesho: ndevu zilizojaa ghafla ndani ya miezi michache, pamoja na sauti kuwa nzito, upara wa kiume pembeni mwa paji, au kinembe kukua. Hizo hutafutiwa uvimbe. Zako zimekuja polepole kwa miaka kumi na zaidi, na hilo linanipa utulivu.

Je, wewe ni tasa? Hapa naomba ulitazame upya ulilolisoma. Hedhi ya nadra maana yake yai linatoka kwa nadra. Si kwamba halipo. Wengi wenye hali hii huzaa, wengine bila msaada, wengine kwa vidonge vya kukomaza yai kama letrozoli ambavyo hutolewa kwa siku tano mwanzoni mwa mzunguko. Na wapo wanaopata mimba bila kutarajia kwa sababu waliamini hawawezi. Kwa hiyo sioni ulaghai wowote hapa. Bado hujui jambo la kuficha. Lakini usiache hedhi ipotee. Ikipita miezi mitatu bila kuiona, ukuta wa mfuko wa uzazi unaendelea kunenepa bila kumwagika, na ikiwa hivyo kwa miaka huongeza hatari ya saratani ya ukuta huo. Daktari huishusha kwa vidonge vya siku chache.

Swali lako la dawa linajibika kwa namna ambayo huenda hutaipenda: kabla ya harusi, hakuna. Kila unywele una mzunguko wake, na dawa haiui uliokwisha kuota, inadhoofisha unaofuata. Vidonge vya uzazi wa mpango vyenye homoni mbili hushusha testosteroni inayotembea huru kwenye damu, lakini matokeo yanahesabiwa baada ya miezi sita. Sindano ya miezi mitatu na vijiti vya mkononi havifanyi kazi hii, usichanganye. Baada ya hapo daktari anaweza kuongeza spironolaktoni, kidonge kinachozuia homoni za kiume, mara nyingi miligramu 100 hadi 200 kwa siku, kwa kupima presha na potasiamu. Metfomini husaidia sukari na hedhi, kwenye ndevu ni kidogo sana. Kupunguza uzito kwa asilimia tano hadi kumi, kwa mwenye uzito wa kuzidi, mara nyingi hurudisha hedhi kabla hakujagusa nywele. Chai ya nanaa unywe kwa ladha yake. Majaribio madogo yameonyesha homoni kushuka kidogo, lakini nywele hazikupungua.

Umeona tatizo lilipo? Vidonge vya kwanza vinazuia mimba. Dawa ya pili haitakiwi kabisa kwa anayeweza kushika mimba, kwa sababu inaweza kuharibu maumbile ya mtoto wa kiume tumboni. Na mwenzio anataka mtoto kabla ya mkataba mwingine. Mtoto sasa na ndevu baadaye, au ndevu sasa na mtoto baada ya mwaka: uamuzi huu una watu wawili ndani yake, na mmoja wao hajui kwamba upo.

Leza haina mgongano huo, lakini haimaliziki kwa miezi mitatu. Huhitaji vikao sita au zaidi, wiki nne hadi sita kati ya kimoja na kingine, na kwa kuwa homoni bado ziko palepale utarudi mara kwa mara. Swali moja la kumuuliza mwenye mashine kabla hujatoa hela: ni ya urefu gani wa mwanga? Kwa ngozi yetu inayofaa zaidi ni ile ya nanomita 1064, kwa sababu inapita chini zaidi bila kuigusa sana rangi ya ngozi. Mashine za mwangaza wa flashi na leza za mwanga mfupi zimeunguza weusi wengi. Asipojua jibu, usikae kwenye kiti chake. Kuanzia wiki sita kabla hutakiwi kung'oa nywele, kunyoa kunaruhusiwa. Ujue pia kwamba kwa baadhi ya wanawake, hasa usoni na wenye tatizo la homoni, leza huchochea nywele badala ya kuzipunguza. Njia ya umeme, ya sindano kwa kila unywele, ndiyo pekee inayohesabiwa kuwa ya kudumu, ila ni ya polepole na mwenye ngozi inayoota makovu manene aiogope. Ipo na krimu ya eflonithini ya kupaka mara mbili kwa siku, inayopunguza kasi ya nywele baada ya wiki nane na kuishiwa nguvu ukiiacha. Kuipata madukani ni shida, na wenye mimba huambiwa waiache.

Kwa mama mkubwa, sitaki kumjibu kwa niaba ya masheikh. Nitasema tu kwamba suala hili ni la zamani na lina kauli zaidi ya moja. Imam Tabari alikataza mwanamke kuondoa chochote usoni, hata ndevu. Imam Nawawi, ambaye ni Shafi kama wengi wa pwani yetu, alisema mwanamke akiota ndevu au sharubu si haramu kuziondoa, bali inapendekezwa. Mpelekee ustadhati unayemwamini swali lote, na hedhi yako ndani yake.

Sasa mchumba. Mama yako ana hekima yake. Amewaona watu wakitupiana siri za ndani siku ya ugomvi, na anakulinda. Ila huo msemo aliouchagua, mdogo wangu, umfikirie tena. Kata ndiyo inayoingia mtungini kila siku. Mume wa kulala naye kitanda kimoja ndiye kata. Ukinyamaza unaweza kupita salama wiki ya fungate, kwa mashine ndogo na mlango wa bafu wenye komeo. Mwezi wa tatu je, ukiwa na homa hujaamka? Wapo wanawake wanaoishi hivyo miaka, na sitasema wamekosea. Wanalipa kwa kulala kwa tahadhari. Wewe ndiye unayejua kama bei hiyo unaiweza.

Kumwambia nako kuna mitego. Kwa simu usiku, maneno yakakatika mtandao, atabaki na neno ndevu peke yake na wiki nzima ya kulijaza. Kwa maandishi au picha, kinabaki kwenye simu yake maisha, na simu huazimwa. Kupitia mshenga au dada yake, habari itafika ikiwa imenenepa njiani. Ana kwa ana akisharudi kuna faida ya kuona uso wake, ila siku zitakuwa zimebana na kadi zimegawiwa, na mtu aliyebanwa hujibu vibaya hata akiwa mwema. Na inawezekana akarudi nyuma. Nisingekuwa mkweli nikikuficha hilo.

Lakini umenifanya nijiulize una hakika gani kwamba hajui. Kabla hajaondoka alikaa sebuleni kwenu, mchana, mara ngapi? Mtu anayekupenda huangalia uso wako kuliko unavyodhani. Na huenda jambo la kumweleza, ukiamua kumweleza, si ndevu hata kidogo. Unaweza kuanza na kweli nyepesi kuibeba: hedhi yangu si ya kawaida, nimekwenda hospitali, wameniambia hivi, na kuhusu mtoto tunaweza kupanga hivi au vile. Maneno ya namna hiyo yanahitaji majibu ya daktari mkononi. Bila hayo utampelekea hofu uliyoisoma mtandaoni.

Kwa hiyo hospitali itangulie, na uende na karatasi. Andika tarehe zote za hedhi unazozikumbuka za mwaka jana na mwaka huu, dawa zote unazokunywa na kupaka, umri ndevu zilipoanza, na kama mama, shangazi au dada yako yeyote analo hili. Muulize mama kwa upole, usishangae akikaa kimya kwanza. Chukua kijikopo, kifunge kwenye mfuko. Jambo la mwisho ndilo gumu: siku tatu kabla usinyoe. Wanawake wengi hufika kwa daktari wakiwa wamejisafisha, wanaambiwa mbona hakuna kitu, wanarudi nyumbani. Vaa barakoa toka kwenu mpaka chumba cha daktari, mlango ukifungwa uivue.